Tukikabwa usiku msituulize tulimwona nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, hili jambo nimelibeba miaka mitatu sasa. Jumapili iliyopita nimesoma ule ukurasa wenu wa tafsiri za ndoto, dada mmoja kaandika kwamba usiku anakabwa, anashtuka anahema, macho yako wazi lakini hata kidole hawezi kuinua. Jibu alilopewa ni kwamba kuna mtu wa karibu anamchezea, atulie ajaribu kukumbuka sura aliyoiona. Nilipofika hapo gazeti nililiweka chini, mikono ilikuwa inatetemeka. Maana na mimi niliulizwa hivo hivo. Nikakumbuka, na nikataja.

Mimi ni mama lishe hapa Mwanza, napika supu, chapati na maharage, wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na watu wa sokoni wanaowahi asubuhi. Nalala saa nne usiku, alamu ya simu inalia saa tisa, naizima najilaza tena dakika kama ishirini hivi halafu ndo natoka kuwasha jiko. Nimefanya hivo miaka mingi na sikuwahi kufikiri ule usingizi wa dakika ishirini unaweza kuwa na neno. Siku hiyo ilikuwa joto sana, nilikuwa nimelala chali, shuka nimelisukumia miguuni.

Nikajikuta niko Kwimba kwa bibi mzaa mama, ndani ya ile nyumba yake ya tope, koroboi inawaka na mbuzi nawasikia nje. Papo hapo nikajua naota. Sisemi nilijua baada ya kuamka, hapana, mle mle ndani ya ndoto nikajiambia we mama hii ni ndoto, hii nyumba ilianguka na mvua za El Nino, zile za 1997, na mimi mwenyewe nilisimama pale nikaona kuta zimelala chini. Mtu ambaye hajawahi kupata ndoto ya namna hii anaweza kudhani ukijua unaota basi woga unaisha, lakini ilikuwa afadhali nisingejua, kwa sababu sasa akili iko macho, inafanya kazi, inatafuta mlango wa kutokea na mlango haupo. Nje kulikuwa na mtu anatikisa komeo. Taratibu, hana haraka, anatikisa anaacha, anatikisa anaacha. Nikasema amka. Nikajipiga makofi. Nikasema amka amka, nikaamka.

Niko chumbani kwangu. Nikanyoosha mkono kwenye swichi pale juu ya kitanda, nikabonyeza, taa haiwaki. Nikabonyeza tena. Nikajua umeme umekatika, nikapapasa simu chini ya mto, kioo cheusi, hakiwaki hata kidogo. Na kile kitu cha kutikisa komeo nikakisikia tena, safari hii kwenye mlango wangu mwenyewe. Hapo ndo nilielewa sijaamka bado, nimetoka ndoto moja nimeingia nyingine.

Halafu nikashtuka kweli. Nilishtuka kama mtu aliyerushwa kutoka juu. Macho yakafunguka, chandarua nakiona, hata lile tundu nililolishona kwa uzi mwekundu naliona, jogoo wa jirani namsikia, kwa hiyo nilikuwa macho, hilo naapa. Lakini mwili umekufa. Nataka kumwita mwanangu sauti haitoki, kifuani kuna uzito kama mtu kanikalia, pumzi inaingia nusu inagoma. Na miguuni kwangu kasimama mtu kajifunga kanga kichwani, akawa anainama taratibu anakuja usoni, na ile sura nikaijua. Ni bibi jirani yetu, yule aliyekuwa anauza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Sijui yalipita madakika mangapi, mwenyewe niliona kama saa nzima, baadaye nimeambiwa mara nyingi ni sekunde tu au dakika chache. Nikafaulu kuchezesha kidole gumba cha mguu, na chote kikakatika mara moja kama mtu kazima redio. Nikapiga yowe. Wifi yangu anayelala chumba cha pili akaja mbio na tochi, akanikuta nimeloa jasho nalia. Hakuniuliza unaumwa wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wifi, ulimwona nani?"

Nikamtaja bibi.

Mhariri, sikumtuma wifi akatangaze, na wala simlaumu yeye peke yake, mimi ndiye niliyetoa jina. Mpaka saa sita mchana kijiweni kwangu vijana walikuwa wanajua. Jioni mama mmoja akaja kuniambia hata yeye alikabwa mwezi uliopita na sasa akikumbuka vizuri ilikuwa kanga hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja hakuna mtu aliyekuwa ananunua mkaa kwa bibi, watoto wakawa wanapita mlangoni kwake mbio huku wanapiga kelele, na usiku mmoja mtu akarusha jiwe juu ya bati. Wakaanza kusema mbona macho yake ni mekundu. Mtu ameuza mkaa na kupikia kuni miaka hamsini, macho yatakuwaje? Huku kwetu usukumani kina mama wamepikia kuni, mabua na mavi ya ng'ombe kwenye vijumba visivyo na dirisha maisha yao yote, moshi unawala macho, halafu wakizeeka yale macho ndo yanakuwa ushahidi.

Mwanae akaja kumchukua alfajiri moja, wakavuka kwenda Sengerema. Nusu gunia la mkaa lilibaki barazani mpaka mvua ikalinyeshea. Nilikuwa nalipita kila siku nikienda kuchota maji.

Watu wa mikoa mingine wanaweza kuona naongeza chumvi, mbona bibi alihamishwa salama. Alihamishwa salama kwa sababu ana mtoto aliyewahi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilisema mwaka 2012 kwamba kati ya 2005 na 2011 watu kama 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi ni wanawake wazee, na Mwanza na Shinyanga zilitajwa pale juu kabisa. Ramli chonganishi serikali imeipiga vita, mwaka 2015 hata waganga wapiga ramli walipigwa marufuku. Lakini ramli inaweza kupigwa bila mganga, inatosha mtu mmoja aliyeamka anatetemeka na mwingine wa kumuuliza ulimwona nani. Yaliyotokea Pemba na Unguja mwaka 1995 wapo wengi wanayakumbuka, yale ya popobawa, watu wanakabwa vitandani, familia nzima zinalala nje barazani kwa kuogopa, na kule Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu waliodhani ndo popobawa mwenyewe.

Sasa nieleze nilivyokuja kujua. Mtoto wa dada yangu anasoma uganga wa kliniki, alikuja likizo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa kulala, nakaa kwenye kiti mpaka usiku wa manane. Akaniuliza nini, nikamweleza yote isipokuwa jina la bibi. Nilitegemea atacheka. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniuliza, "Mama mdogo, wakati umebanwa hivo, macho yalikuwa yanacheza?" Nikafikiri, nikasema ndio, macho tu. Akasema basi hilo linajulikana.

Akanieleza kwamba usingizi sio kitu kimoja, unakwenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi ambacho macho yanacheza haraka haraka chini ya kope, na hicho ndo kipindi cha ndoto zile ndefu zenye picha. Kiligunduliwa Chicago kule Marekani, watafiti wawili Aserinsky na Kleitman wakakiandika mwaka 1953. Usiku unapoanza kipindi hicho ni kifupi, ila kadri unavyokaribia asubuhi kinakuwa kirefu. Na wakati huo ubongo wenyewe unaulegeza mwili, unafunga misuli yote mikubwa ili usije ukainuka ukakimbia kweli wakati unakimbia ndotoni. Yanabaki macho, na ule msuli mpana wa chini ya mapafu unaovuta pumzi. Ikitokea umeshtuka kabla ubongo haujafungua ile misuli, unakuwa macho ndani ya mwili uliofungwa, na ndoto nayo haijamaliza kutoka, kwa hiyo unaiona chumbani. Misuli ya mbavu imelegea, ukitaka kuvuta pumzi kubwa kwa woga haiji, ndo ule uzito wa mtu kukukalia kifuani. Nilimwambia arudie hapo mara mbili. Mimi nilikuwa naamini kabisa nimekaliwa na mtu, nilijua hata makalio yake yalipokaa.

Na ile ya kujua unaota nayo ina watu walioichunguza. Mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, mtafiti anaitwa Keith Hearne alikuwa na mtu anayeweza kujijua ndani ya ndoto, wakakubaliana kwamba akijijua achezeshe macho kushoto na kulia kwa mpango maalumu, kwa kuwa macho hayafungwi. Akalala, mashine zikaonyesha amelala fofofo, na yale macho yakapiga ishara kama walivyopatana. Mtu yuko ndani ya ndoto anapiga hodi huku nje. Huyu huyu Hearne ndiye aliyeandika baadaye kuhusu swichi ya taa, kwamba watu wakiwa kwenye ndoto ya kujijua wakijaribu kuwasha taa inagoma kuwaka. Hapo Mhariri nililia. Swichi yangu! Kumbe kuna mzungu aliiandika swichi yangu kabla hata sijaolewa.

Kitu kingine alichonisomea kwenye simu ni kwamba wapo watu Ulaya na Marekani wanazitafuta hizi ndoto makusudi, na njia yao ni kulala kama masaa matano, kuamka, kukaa kidogo, kisha kulala tena, maana usingizi wa pili unaangukia moja kwa moja kwenye ndoto na akili ikiwa bado ina mwanga. Nikahesabu. Saa nne mpaka saa tisa ni masaa matano. Kila siku iendayo kwa Mungu nilikuwa nafanya wanachofanya wao, na uchovu juu, na kulala chali ambako nako kunachangia. Hakuna mtu aliyenitupia kitu chochote.

Wanaokabwa hivi ni wengi, hesabu za watafiti zinasema kama watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja maishani, na wanafunzi na watu wanaokatizwa usingizi ndo zaidi. Kiswahili kina neno la zamani, jinamizi, huku tunasema kukabwa. Wajapani wana lao, kanashibari. Na kule Newfoundland, Kanada, wavuvi wa huko wanasema wamekaliwa na kikongwe. Kikongwe wa kike! Yaani na wao ambao hawajawahi kumwona bibi yetu wa mkaa wanamwona bibi kizee. Hilo limenikaa sana. Ubongo ulioshtuka unaona kuna adui chumbani, halafu unatafuta sura ya kumvalisha, na sura zilizo karibu ndo hizo tunazofundishwa tangu utotoni kuziogopa.

Lakini kwa nini yeye na sio bibi mwingine? Kijana aliniuliza, "Mama mdogo, huyo uliyemwona mlikuwa na jambo?" Nikanyamaza. Siku moja kabla ya ile ndoto bibi alikuja kijiweni kunidai. Nilikuwa nimechukua mkaa kwa mkopo, madebe, jumla shilingi elfu sita, na nilikuwa nimemzungusha wiki mbili. Alisimama pale mbele ya wateja na kanga yake kichwani, hakupiga kelele, alisema tu, "Mwanangu, hata nusu." Nikamjibu vibaya. Kwa hiyo nililala na ile sura. Nilimwona mtu niliyemdhulumu, halafu nikaamka nikamshtaki yeye.

Na kuna hili la dawa ambalo lingefaa liandikwe. Zile ARV zenye efavirenz ambazo watu walikuwa wanaambiwa wameze wakati wa kulala, ilijulikana kabisa zinaleta ndoto kali, ndoto za kutisha za rangi zote, na wahudumu wa vituo walikuwa wanawaambia wagonjwa. Siku hizi wengi wamehamishiwa kwenye vidonge vya dolutegravir. Ila nawaza miaka yote ile, ni wangapi walificha kidonge, wakakimeza kimya kimya, wakaota vile, na wakiulizwa ulimwona nani wasingeweza kusema ni dawa bila kujitangaza ugonjwa. Wakataja jirani. Pombe nayo, mtu akilala amelewa ndoto zinakandamizwa mwanzo wa usiku halafu zinamrudia kwa nguvu karibu na asubuhi, na anayeacha pombe ghafla ndo kabisa.

Mimi sa hivi nalala ubavu. Alamu ikilia naamka moja kwa moja, sijilazi tena, na mchana wateja wakiisha napata usingizi wangu. Kijana alinifundisha pia ile ndoto niichukue mchana kweupe niibadilishe mwisho wake, niirudie kichwani kila siku dakika kumi mpaka kumi na tano, ni njia madaktari wanaitumia kwa watu wenye ndoto mbaya zinazojirudia. Kwa hiyo nikiwa nasukuma chapati narudi Kwimba, komeo linatikiswa, naenda nafungua mwenyewe, na nje kasimama bibi yangu mzaa mama na ndoo ya maji kichwani anasema mbona mmejifungia. Wiki za mwanzo sikuona tofauti. Baadaye zikapungua. Nimekabwa mara mbili tu mwaka huu, na zote sikupigana na ule uzito, nilitoa pumzi polepole, nikacheza macho kushoto na kulia kisha kidole cha mguu, ukaachia. Kwa anayepatwa mara kwa mara, au mtu anayeangukia usingizi mchana katikati ya mazungumzo, au kama ni degedege na kifafa, huyo aende hospitali, hiyo ni habari nyingine na inatibika.

Mhariri, simkatazi mtu kusali. Mimi mwenyewe nasali kabla ya kulala na nikiamka na woga nasali, na inanituliza. Ninachokuomba ni huo ukurasa. Wanaosoma gazeti lako huku ni wengi kuliko mnavyodhani, nakala moja inasomwa kijiweni na watu kumi na mbili na jioni inafungia maandazi na bado kuna mtu anasoma kwenye karatasi ya maandazi. Mkimwambia yule dada akumbuke sura, atakumbuka, kwa sababu sura ipo kweli, aliiona, hata mimi niliiona. Mjibuni upya. Mwambieni alikuwa anaota na macho yako wazi. Na mtu wa nyumbani kwake anayekuja na tochi, mwambieni swali la kumuuliza ni je, umeamka, na ampe maji, amshike mkono mpaka mwili urudi, asimuulize jina la mtu yeyote usiku ule wala kesho yake.

Wifi yangu nilimweleza yote haya. Ilichukua muda, mwanzo alisema kijana kaharibiwa na shule. Mwezi uliopita binti yake wa darasa la sita alipiga yowe usiku, nikamsikia wifi kupitia ukutani anamwambia, "Tulia mama, mwili bado umelala, unakuja." Nilikaa kitandani gizani nikasikiliza mpaka mtoto akanyamaza.

Bibi yuko hai, yuko kwa mwanae Sengerema, nimepata habari zake kupitia kwa mtu anayeleta samaki. Macho yamezidi kuwa mabaya. Sijawahi kwenda. Nilikuwa najiambia nauli, nauli, kumbe ilikuwa aibu. Jumatano hii sipiki. Navuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, elfu sita yake nimeifunga kwenye pindo la kanga mbali na nauli, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba jina lake mimi ndiye niliyelitaja, na kwa nini. Kama barua hii itakuwa imetoka ntabeba na gazeti, mjukuu wake amsomee.

Mama lishe,
Mwanza